Cheni ya Nne

Harufu ndiyo iliyotangulia kutoka mlango wa banda ulipofunguliwa, kisha akafuata mbwa. Issát alirudi nyuma hatua moja, akaziba pua kwa mkono wa koti. Aliijua harufu hiyo tangu utotoni: grisi kuukuu, mikojo ya panya, ngozi za kulungu wa kufugwa zilizorundikwa bila chumvi, na ule ugoro ambao mjomba wake Heaika alikuwa akiufutika mdomoni na kuutema popote miguu ilipomfikisha. Kila mwaka alidhani ameizoea. Kila mwaka alikosea.

"Unaziba pua kama bibi harusi," mjomba alisema, akikalia ndoo iliyopinduliwa. "Shusha cheni hizo. Kesho watu wako Gáisá na sisi tutakuwa hapa tunanusa hewa."

Theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha na kufika magotini, mapema kuliko ilivyotazamiwa. Kigari cha Heaika, kile kidogo chenye viti viwili na bodi fupi nyuma, kilikuwa bado kimesimama juu ya magurudumu yake ya kiangazi, na kwa magurudumu hayo kisingefika hata kwenye daraja. Kilihitaji cheni zake nne za mpira, kama za katapila lakini ndogo, zinazofungwa mahali pa magurudumu ili gari lielee juu ya theluji badala ya kuzama. Cheni moja ina uzito wa kondoo dume aliyeshiba. Heaika alikuwa ameteguka bega wakati wa kuwatia ndama alama, na tangu hapo mkono wake wa kulia haukupanda juu ya kifua. Ndiyo maana alimwita mpwa wake.

Issát alikuja mbio, wala hakuona haya kujiambia kwa nini. Kesho ilikuwa siku ya kutenganisha makundi kule Gáisá, kila mwenye kulungu akiwavuta wake kutoka katika zizi kubwa. Na leo, baada ya chakula cha mchana, Bibi Risten alikuwa anakuja kunywa kahawa.

Risten alikuwa mjane asiye na mtoto. Zamani kundi lake lilipovuka mto, watu walisimama kutazama. Kisha mume akafa, na kila majira ya baridi kundi likarudi limepungua. Watu walisema mbwa mwitu, wakasema tai, wakasema barafu. Mwishowe Heaika, jirani mwema, alimshauri apumzike: amwachie yeye kulungu waliobaki pamoja na alama yake ya masikio, ile mikato inayoonyesha mnyama ni wa nani, naye atamtunza kwa nyama hadi mwisho wa maisha. Leo alikuwa anakuja kutoa neno lake. Na neno la mtu, likishatolewa juu ya kahawa, halikurudishwa tena.

Alama hiyo ingekuwa ya Issát. Mjomba alimwahidi hivyo waziwazi. Baba yake Issát aliuza kundi lote akaenda kufanya kazi mgodini, akamwachia mwanawe alama nzuri bila masikio ya kuichanja. Kule zizini Issát alivuta kulungu wa watu wengine, akaitwa kijana hodari, na neno hilo "kijana" lilimchoma kila mara. Alitaka kusimama pale na kuvuta wa kwake. Alilitaka jambo hilo kiasi cha kuvumilia banda la Heaika.

Basi akapiga jeki. Akatoa gurudumu la kwanza, akaikokota cheni, akaisimamisha, akaisukuma kwa goti mpaka matundu yakakutana na boliti. Akakaza nati kwa kupishana, hii na ya mkabala wake, asije akaipinda. Akafunga ule mkono wa chuma unaoizuia cheni isijipindue gari likirudi nyuma. Akaubonyeza mpira kwa kidole gumba kuona kama umelegea. Ilikuwa kazi safi kwa mtu msafi, na hapo ndipo ilipoharibika, maana hakuna kitu cha Heaika kilichokuwa safi.

Kijiji kizima huosha cheni majira ya kuchipua kabla ya kuzihifadhi. Watoto hufanya kazi hiyo kwa mpira wa maji na kulowana kwa furaha. Heaika alizivua na uchafu wake, akazibwaga ukutani, akaziacha kiangazi chote zijipikie. Katikati ya vigurudumu vya ndani kulikuwa na matope yaliyokauka, manyoya, kuvu, damu nyeusi ya nyama iliyobebwa, na kinyesi cha panya kilichojaa kama mbegu. Issát aliyachokoa kwa bisibisi, akageuza uso kila kipande kilipodondoka.

"Unatia gari viatu au unalitahiri?" mjomba aliuliza. Alitema ugoro ndani ya kopo la kahawa. Nusu iliingia, nusu ikateleza nje ya kopo, akaifuta kwa kiganja na kiganja akakifuta kwenye suruali.

"Ungeziosha tungekuwa tumemaliza."

"Uchafu huo unashikilia vyuma visiachane."

Alicheka peke yake. Cheni ya pili ikaingia, na ya tatu. Kisha Heaika akachungulia mlangoni, akaona jua limesogea juu ya vichaka, akasema anakwenda kubandika kahawa kabla ajuza hajafika. Alitoka akiburuza viatu. Issát alivuta pumzi kubwa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akajuta mara moja kwa alichokivuta.

Cheni ya nne ndiyo iliyonuka kuliko zote. Kitu kilikuwa kimenasa ndani, nyuma ya fremu, kimebanwa kati ya kigurudumu na mpira. Alidhani ni panya. Akachoma kwa bisibisi, hakikutoka. Akakitanua kwa mtaimbo, akaingiza vidole, akakivuta. Kilitoka polepole kikiacha manyoya, na maganda matupu ya funza yakamwagika juu ya mkono wake hadi ndani ya mkono wa koti.

Alikwenda mlangoni, akakung'uta mkono wa koti mpaka maganda yakaisha. Alipogeuka alikuwa bado amekishika.

Yalikuwa masikio. Masikio mawili ya kulungu, yaliyoungana kwa ukanda mwembamba wa ngozi ya kichwa, yamekauka kama kiatu kilichotupwa. Mtu mwingine angeyarusha jalalani. Lakini kidole gumba cha Issát kilikuwa kimekwisha kusoma, maana watu wa huko hufundishwa kusoma masikio kabla ya vitabu: la kulia ncha yake imepasuliwa panda, la kushoto limekatwa ngazi upande wa nyuma, na katikati tundu. Hakuna mtu wilaya nzima asiyeijua alama hiyo. Ilikuwa ya Risten.

Kule, ukimkuta kulungu wa mwenzio amekufa, awe ameliwa na mbwa mwitu au amezama mtoni, unakata masikio yote mawili pamoja, bila kuyatenganisha, unampelekea mwenyewe. Hata kama mmegombana. Hata kama ni usiku wa harusi yako. Huhitaji kueleza; unayaweka mezani, na mwenyewe anakushukuru. Masikio yaliyokatwa yasipofika kwa mwenyewe yana maana moja tu, na hakuna mtoto asiyeijua. Aliyeyakata alimchinja mnyama mwenyewe, akaondoa alama ili ngozi isiongee. Heaika alikuwa ameyazamisha mengine mtoni bila shaka. Haya yalidondoka kutoka kwenye bodi, cheni ikayabugia, na kwa kuwa Heaika haoshi, cheni ikamtunzia.

Kisha Issát akakumbuka nyama.

Majira ya kuchipua yaliyopita, theluji ikiwa bado ngumu, Heaika alimpelekea Risten paja zima la kulungu. Zawadi, alisema, kwa mjane ambaye mbwa mwitu wamemfilisi. Risten alilipika kwa mifupa yake, akawaita wote wawili, mjomba na mpwa. Walikula mezani kwake. Heaika alinyonya uboho kwa mlio, akamlilia mjane kulungu wake, machozi halisi, mafuta yakimtiririka kidevuni. Risten alimshika mkono na kumshukuru. Na Issát mwenyewe aliomba kuongezewa.

Mjomba alirudi akipuliza vidole. Aliona kilichokuwa mkononi mwa mpwa wake, akasimama kidogo tu, kama mtu aliyekumbuka kuwa ameacha birika motoni.

"Ahaa, hayo," alisema. "Nilimkuta ameteleza kwenye barafu. Nikasahau kuyapeleka."

"Kila Jumapili uko kwake unakunywa kahawa, mjomba."

"Kichwa changu ni cha mzee."

"Bibi Risten alipokuja kumtafuta kulungu wake, uliniambia mwenyewe nimwelekeze upande wa mashariki. Nikamwelekeza. Alizunguka siku nzima na miguu yake ile."

Heaika aliketi juu ya ndoo yake. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomtia Issát kinyaa kuliko harufu. Alizungumza kwa sauti ya chini, ya kirafiki, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba. Alisema hakuna mtu kijijini ambaye hajawahi kula kulungu wa jirani. Alisema ajuza hana mrithi, na kundi lisilo na mrithi ni majani tu. Alisema angesubiri afe, lakini wajane wa huko hawafi.

"Na ulidhani nilikuwa namfanyia nani?" akauliza. "Mimi nina mtoto? Nina mke? Nimebeba mizoga usiku na bega hili ili wewe usimame zizini kama mwanamume. Acha kunitazama hivyo. Mpe mbwa hayo masikio, kaza nati, tunywe kahawa. Baada ya leo ni yako yote."

Akapiga mluzi. Mbwa akaja akitikisa mkia, na Issát akainua mkono juu asifikiwe. Alimtazama mjomba wake: ugoro katika ufa wa midomo, makucha meusi, macho yaliyolowa wema. Wazo likamjia kwamba wema wote aliowahi kufanyiwa na mtu huyu ulitoka katika shimo hilihili. Viatu alivyonunuliwa. Lasu ya kwanza, kamba ya kunasia kulungu. Na kwamba kesho, akivuta kulungu mwenye panda na ngazi mbele ya watu, mikono yake ingenuka banda hili, naye asingekuwa tena na haki ya kuziba pua.

Nje, chuma kiliteleza juu ya theluji. Risten alikuwa amefika kwa sleji yake, kiti juu ya vyuma viwili kinachosukumwa kwa mguu.

Heaika aliinuka upesi mno kwa mzee mwenye bega bovu. "Wewe maliza hiyo ya nne," alinong'ona. "Jikoni usiingie mpaka nikuite."

Muda mfupi baadaye Issát aliingia jikoni bila kuitwa. Risten alikuwa amekung'uta theluji miguuni na kuketi, mtandio wake mzuri mabegani, ule wa kwenda kanisani. Kahawa ilikuwa imemiminwa, na vipande vya jibini vikielea kikombeni kwa desturi ya huko. Alikuwa amejitayarisha, ilionekana jinsi alivyoweka mikono mezani. Alimsalimu kijana kwa kichwa, akauliza kama cheni zimekaa sawa.

"Tatu zimekaa, bibi," Issát alisema. Akayaweka masikio mbele yake.

Mwanamke hakuyatazama kwanza. Aliyagusa kwa vidole, akapapasa panda, akashuka kwenye ngazi, akapitisha ncha ya kidole tunduni. Alirudia mara ya pili, taratibu, kama anayempapasa mtoto mwenye homa.

"Ni yule mweusi," alisema. "Aliyeongoza wenzake. Nilimkata tundu hili karibu mno na ukingo. Ni mwaka ule wa msiba." Akainua uso kumwangalia Issát. "Umeyaleta kwa mwenyewe. Ahsante."

"Yalikuwa ndani ya cheni yake."

Heaika alianza kusema juu ya barafu. Alisema vizuri, akaweka hata upepo na mahali. Risten alimwacha amalize, kisha akamuuliza jambo moja tu.

"Lile paja ulisema ni la kulungu gani?"

Mjomba alifungua mdomo. Tone la ugoro likamtoka, likaanguka kikombeni mwake.

Risten alikisogeza kikombe chake mbele, bila kukigusa mdomoni, mpaka kikagongana na cha Heaika. Akayafunga masikio ndani ya mtandio wa kanisani. Neno lake alilokuja kulitoa aliondoka nalo.

Issát alimfuata hadi uani. Sleji ilikuwa nzito kwa kuwa njia ya kurudi ilikuwa ya kupanda, hivyo akashika mpini. Nyuma yao Heaika alisimama mlangoni na kuita. Kwanza aliita kwa hasira, akamkumbusha viatu na lasu. Kisha akaita kwa unyonge.

"Basi maliza tu cheni moja, mpwa. Nitafikaje Gáisá? Watu wataniuliza nini?"

Issát hakugeuka. Nati alikuwa ameziacha ndani ya kopo kando ya jeki, zote, asije akaitwa mwizi. Kigari kilibaki kimening'inia bandani, cheni tatu na kitovu kimoja cha gurudumu kilicho kitupu, na cheni ya nne imelala chali kwenye uchafu wake. Walipofika kwenye vichaka walisikia kitu kizito kikiinuliwa, kikianguka, mbwa akilia, na mzee akitukana. Baada ya muda kikaanguka tena.

Njiani Risten hakumwahidi kitu, naye hakungoja kuahidiwa. Kesho angevuta kulungu wa watu wengine tena, waseme kijana hodari. Darajani alisimama, akachota theluji safi, akasugua viganja mpaka vikawa vyekundu. Akavinusa. Akachota nyingine.