Kumnyang'anya Kaka Msomaji

Kaka mtu alijaliwa akili ya moto na ulimi wa wembe, na kwa miaka mingi watu waliuvumilia ulimi kwa ajili ya akili. Mama yao, mshonaji, alipopofuka, ndugu walileta dawa, sala na maneno ya faraja. Yeye alijifungia chumbani na kompyuta, na alipotoka alikuwa na programu ya kusoma maandishi ya simu kwa sauti, kwa Kiswahili cha kueleweka. Akaiita Msomaji. Siku hiyo mama alisikiliza gazeti zima, mpaka matangazo ya viwanja, chakula kikapoa mbele yake.

Hakuiuza. Aliiweka mtandaoni iwe huria: yeyote aitumie, aifungue aone ilivyoundwa, airekebishe, hata achukue nakala yake akaiendeleze kivyake. Watu wakaja kusaidia. Alikuja karani wa benki aliyependa kuandika programu kuliko kuhesabu fedha za wenzake. Akaja mwalimu asiyeona, ambaye hakuandika hata mstari mmoja lakini sikio lake halikukosa kosa la matamshi. Wakaja wanafunzi wa vyuo, wengine wasiowahi kuonana uso kwa uso. Na alikuwepo dada mtu, ambaye kaka alimfundisha kazi hiyo kwenye meza ya jikoni, akimgonga vidole kwa kalamu kila alipobandika mistari ya programu asiyoielewa. Ajira yake katika kampuni ya bima ilitokana na meza ile, naye hakuwahi kulisahau hilo.

Shida ilikuwa mlangoni. Kila sahihisho lilipita kwanza mikononi mwa kaka, na kaka hakujua kukataa bila kuumiza. Kijana wa chuo alituma kazi yake ya kwanza, akajibiwa hadharani kwamba hapa si chekechea. Karani wa benki, aliyekesha wiki nzima na tatizo moja gumu, aliambiwa kichwa chake ni cha kuvalia kofia tu. Ulimi hauna mfupa, lakini huvunja. Wakaondoka mmoja mmoja bila kuaga, kama wageni waliosikia ugomvi chumbani kwa wenyeji.

Kisha zikaja simu mpya, na Msomaji akaanza kugugumiza. Alimeza maneno, aliruka sentensi, mara akanyamaza kabisa. Malalamiko yakarundikana.

"Simu ndizo mbovu," kaka alisema.

Dada akaamua kumfufua Msomaji kabla hajazikwa. Aliwatafuta wachangiaji wa zamani, akawapigia simu wakati wa mapumziko ya mchana, akiwa amesimama kwenye ngazi za ofisi. Karani wa benki alimsikiliza hadi mwisho.

"Dada, nitarudi hata leo," alisema. "Ila kwa kaka yako sirudi. Mpe mtu mwingine funguo, nami nipo."

Wengine walisema hivyohivyo, kwa adabu zaidi au pungufu.

Basi akamwendea kaka kwenye kibanda chake cha kutengeneza kompyuta, chumba chembamba chenye feni isiyo na kifuniko na skrubu zilizotengwa kwa ukubwa ndani ya vifuniko vya chupa. Kaka hakuinua macho.

"Kaka, kidole kimoja hakivunji chawa. Tuwe watatu wa kupokea kazi za watu. Wewe, mimi na karani."

"Yule wa kofia?"

"Yule yule. Utabaki kuwa mkubwa wetu. Ila maneno ya kujibu watu niachie mimi."

"Kwa hiyo mimi nifungwe mdomo nyumbani kwangu." Akaweka bisibisi chini. "Mdogo wangu, nani alikufundisha kazi hii?"

"Wewe."

"Na leo umekuja kunifundisha mimi."

"Watu wasioona wanaamka asubuhi simu zao ziko kimya. Mama mwenyewe juzi alikaa na ujumbe wa shangazi siku nzima bila kujua unasema nini."

Hilo lilimgusa. Lakini kiburi nacho kina masikio yake.

"Leseni niliiandika mwenyewe, inaruhusu," kaka alisema. "Chukua nakala, ipe jina lako, uende na kina kofia wako. Tuone nani atakufuata."

Dada akaondoka. Alingoja, akitumaini kaka atapiga simu. Hakupiga. Ndipo akachukua nakala, akaiita Sikiza.

Walimfuata wote. Karani alirudi, wanafunzi wa zamani, sasa watu wazima wenye kazi zao, wakarudi, na wapya wakaja juu yao. Mwalimu asiyeona akawatangazia wenzake, na kabla ya msimu wa mvua kwisha Sikiza ilikuwa inasoma kwenye simu zote mpya bila kigugumizi. Watu walimpongeza dada. Yeye hakuzifurahia pongezi zile.

Maana kaka hakuacha kazi. Kila asubuhi dada alifungua ukurasa wa Msomaji akakuta marekebisho mapya, ya mtu mmoja, kwa programu ambayo karibu kila mtu alishaiacha. Yalikuwa mazuri, safi kuliko ya kundi zima la Sikiza. Leseni iliruhusu, naye akayachukua, na kila alipochukua aliandika jina la kaka. Siku moja ukaja ujumbe wa kaka, wa kwanza tangu siku ile ya kibandani: "Toa jina langu."

Akalitoa. Marekebisho akayabakisha, kwa sababu watu waliyahitaji. Baada ya hapo ukurasa wa Msomaji haukubadilika tena.

Mama alijua yote. Dada alipotaka kumwekea Sikiza, mama aliificha simu chini ya mto.

"Ulichofanya ni haki, mwanangu," alisema. "Nami sikipendi. Mwenye kitu atakuja kukitengeneza."

Jumapili iliyofuata alimkuta mama sebuleni akisikiliza habari, simu ikisoma vizuri, bila kukwama. Dada aliitambua programu yake mwenyewe.

"Nani amekuwekea?"

"Kaka yako. Alikuja asubuhi."

Dada aliketi. "Alisema nini?"

"Hakusema mengi. Alikaa hapo ulipokaa, akaisikiliza muda mrefu. Kisha akasema kuna neno moja mnalitamka vibaya."

"Neno gani?"

"Nilimuuliza," mama alisema. "Akasema mtalitafuta wenyewe."

Walilitafuta. Mwalimu asiyeona alisikiliza kurasa kwa kurasa, karani akapekua orodha nzima ya matamshi, na hawakuliona. Dada alimpigia kaka. Simu iliita mpaka ikakatika. Akampigia tena siku ya pili, na ya tatu, kisha akaacha.