Mashavu ya Apolline

Shangazi Kaswera alitoka Butembo, akazungukia Uganda na kuingilia mpaka wa Bunagana hadi kwetu Goma, ili amtayarishe dada yangu Apolline kwa wakwe waliotarajiwa Jumamosi. Hata chai hakuimaliza. Aliyatazama mashavu ya Apolline yaliyovimba, akaingia chumbani mwetu, akapekua, akatoka na vidonge.

"Hizi minazijua. Banazikunywaka juu ya kunenepa. Bakwe batatucheka."

Akavimwaga chooni. Mimi nilikuwa sokoni, ningekuwapo, tungeshikana. Apolline, kwa kumwogopa, alinyamaza.

Ni kweli, hapa Goma wako wanaovimeza ili wanenepe. Lakini Apolline ana ugonjwa wa lupus, na tuliuficha hata kwa ukoo. Daktari alitueleza kwamba askari wa mwili huongozwa na protini ndogo ndogo zinazopeleka ujumbe. Kuna zinazowaita, kuna zinazowaambia wapumzike. Kwa Apolline, zile za kuita hazikomi, na askari, kwa kukosa adui, wanazila figo zake. Vidonge vinazinyamazisha hizo protini, ingawa vinamvimbisha mashavu. Kuviacha ghafla kunaweza kumuua.

Jumamosi asubuhi aliamka anaungua kwa homa, vidole havikunjiki, ndipo akaniambia kwamba vidonge vilimwagwa. Nikampigia daktari.

"Ameze sasa hivi, kisha mumulete," akasema.

Nikarukia pikipiki. Famasi ya kwanza hakuna. Ya pili hakuna. Ya tatu imefungwa. Nilimgombeza dereva kana kwamba yeye ndiye aliyeifunga. Nilivipata mbali, kwenye barabara ya Sake.

Wakwe walikuwa wameshaketi sebuleni. Apolline alikuwa kati yao, amefunikwa kitenge hadi machoni, meno yakigongana. Nikamvuta shangazi jikoni, nikamwambia yote, bila heshima hata kidogo. Aliishika meza. Kisha akaenda sebuleni, akamvua Apolline kile kitenge.

"Ba muzee, huyu mutoto ni mugonjwa. Hii sura ni ya dawa, na miye njo nilizitupa. Bila dawa anakufa. Museme sasa kama mungali munamutaka."

Muzee Bagalwa, baba wa mchumba, alikohoa. Akamtazama mkewe. Mkewe akatazama sakafu. Mchumba mwenyewe alifungua mdomo, akangoja baba yake aseme kwanza.

Apolline alininyooshea mkono, akavipokea vidonge, akameza. Akainuka kabla hawajajibu.

"Micheline," akaniambia, "tuende ku hopitali."