Kiganja Shavuni

Mimi ndiye ninayepokea watoto mlangoni pa shule yetu. Nawavua skafu, nawakagua pua na mashavu, kisha natundika makoti. Miaka kumi na tisa nafanya kazi hii na hakuna mtoto aliyepoteza hata kidole. Najivuna, ndiyo, na nina haki.

Shavu likianza kuganda kwa baridi haliumi. Linakufa ganzi tu, linakuwa jeupe kama mshumaa, na mwenyewe hana habari. Ndiyo maana watoto wa kijiji chetu hutembea wawili wawili, na kila wakifika kwenye nguzo ya umeme husimama wakatazamana usoni. Ukiona doa kwa mwenzako unasema "Nyeupe!", unavua glavu, unamwekea kiganja, kisha mnaingia nyumba ya jirani yeyote. Asubuhi hakuna anayetia komeo mlangoni. Kusugua kwa theluji ni marufuku. Mimi nilisuguliwa nikiwa na miaka saba, na sikio langu la kushoto halina ncha mpaka leo.

Wajukuu wangu Tuyaara na Kunnei, watoto wa mabinti zangu wawili, wanakaa kwangu na ni jozi tangu darasa la kwanza. Sasa wako la tatu. Jumatatu ile walikuwa wamenuniana, na chanzo ni mimi. Nilimpa Tuyaara khomus ya marehemu mama yangu, ile ala ndogo ya chuma inayoshikwa menoni na ulimi wake kupigwa kwa kidole, aicheze kwenye tamasha la shule siku ya Ijumaa. Kunnei naye aliitaka. Akatangaza mbele ya darasa zima kwamba mwenzake anapiga kama ng'ombe anayecheua.

"Sifungui mdomo mbele yake mpaka aniombe radhi," Tuyaara aliniambia.

"Mwambie siombi ng'o, Bibi!"

"Mwambie mwenyewe, si huyo hapo?"

Nikacheka, nikatangulia kazini. Baridi ilikuwa digrii hamsini chini ya sifuri.

Walifika wa mwisho, kimya, Tuyaara kamkandamizia Kunnei kiganja kitupu shavuni. Nilimvua Kunnei skafu. Shavu lilikuwa jekundu, zima kabisa. Nikashusha pumzi. Kisha nikauona mkono wa Tuyaara. Vidole viwili, cha shahada na cha kati, vilikuwa vyeupe na vigumu.

"Amekushika tangu wapi?" nilimuuliza Kunnei.

"Nguzo ya tatu."

Nguzo ziko kumi na moja.

"Mmepita nyumba zote hizo! Kwa nini hamkuingia hata moja?"

"Ukiingia lazima usalimie, useme kuna nini. Yeye hataki kufungua mdomo."

"Na wewe? U bubu?"

Akatazama sakafu. "Nilitaka yeye aanze."

Nilipandwa na hasira, lakini hasira haiyeyushi kidole. Nikachota maji ya uvuguvugu, nikayapima kwa kiwiko, nikauzamisha mkono taratibu bila kusugua. Muuguzi wa zahanati alikuja mbio, akavitazama vidole.

"Tungoje maumivu," alisema. "Yasipokuja, ni mbaya."

Dakika kumi. Ishirini. Tuyaara alikodolea beseni macho. Nilijilaani kwa kugawa vitu bila akili na kucheka mahali pasipochekesha.

"Inauma!" alipiga yowe ghafla. "Bibi, inauma!"

Machozi yakanitoka kwa furaha. "Piga kelele, mwanangu," alisema muuguzi. "Piga tena!"

Kunnei alikuwa amejibanza kati ya makoti, analia. "Nisamehe, Tuyaara. Hupigi kama ng'ombe."

"Ndiyo unasema sasa!" Tuyaara alijibu kwa kwikwi. "Umengoja mpaka nichemshwe!"

Malengelenge yalitoka, mkono ukafungwa bandeji. Vidole vingepona, alisema muuguzi, ila kwa wiki tatu visiguse kitu.

Ijumaa Tuyaara alipanda jukwaani hivyohivyo. Aliishika khomus menoni kwa mkono wa kushoto, akavuta pumzi. Kunnei akasimama ubavuni pake, akanyoosha kidole, akaanza kuupiga ule ulimi wa chuma. Walikosea mara mbili. Kila walipokosea walisimama, wakatazamana usoni, wakaendelea.