Kayamba la Ngumbao Limezidi

Pamba ilitoka nyeupe. Nikaichovya tena kwenye spiriti, nikaipitisha juu ya kichwa cha redio ya kaseti taratibu, kama mtu anayemsafisha mtoto jicho. Ikatoka nyeupe vilevile. Kasoro haikuwa hapo.

Ngumbao alikuwa ameketi kwenye kigoda, amenipa mgongo, uso ukutani. Hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni yetu tangu tulipoanza kutunga muziki wa vinanda vya umeme, yeye kwake Mwakirunge, mimi hapa Mtopanga katika chumba changu cha kutengenezea redio. Mwenye kanda hutazama ukuta; msikilizaji huisikiliza mpaka aridhike, ndipo aseme. Tuliona kwamba mtu akitazamwa usoni husifu hata asichokipenda, na mwenye kazi akiona uso umekunjwa hujitetea kabla hajaambiwa neno.

Nikairudisha kanda mwanzo. Besi liliingia vizuri, kinanda kikafuata na ule wimbo wake mtulivu, kisha likaja kayamba. Halikuwa la matete na mbegu. Alikuwa amechukua sauti ya matoazi iliyomo ndani ya kinanda, akaikata fupifupi mpaka ikachakacha kama kayamba la marehemu mamake, Bi Nyamvula, aliyekuwa akiitwa kwenye harusi za Wagiriama kulipiga. Katika kanda za mwanzo lilikaa nyuma ya wimbo, kama mtu anayepepeta mchele chumba cha pili. Sasa lilifunika kila kitu, mvua ya mawe juu ya bati.

Nilikuwa nimeshajaribu kanda nyingine kwenye redio hiyo, zilisikika sawa. Nilimwambia aje na redio yake ya nyumbani. Nayo ilikuwa nzima. Mimi simlaumu mtu kabla sijazimaliza mashine, na mashine zilikuwa zimekwisha.

"Ngumbao," nikasema, "kayamba limezidi."

Hakujibu. Nikadhani amekasirika. Jumamosi alitakiwa kuipeleka kanda hiyo mjini, kwa bwana mmoja mwenye duka la kanda. Bwana huyo alikuwa ameonja kipande, akasema wimbo mzima ukija umekaa sawa atautoa, na atampa Ngumbao kazi ya kuwapigia waimbaji wake kinanda. Ngumbao angeacha machimbo, ambako kutwa husimama kando ya mashine ya kusaga kokoto.

"Linaufunika wimbo, ndugu yangu. Lipunguze."

Kimya. Shingo yake ilikuwa imetulia, shingo ya mtu anayesubiri.

"Hodi!" Mkewe, Kahaso, alikuwa mlangoni na kikapu chake, ametoka sokoni Kongowea.

"Karibu, shemeji."

"Starehe. Baba Nyamvula!" Alimwita kwa jina la binti yao, aliyerithi jina la bibi yake. "Twende, jua latua."

Ngumbao hakugeuka. Kahaso akanitazama, akacheka kwa pua.

"Kumbe nawe amekununia? Basi karibu chamani. Mimi namwita nikiwa jikoni, hata 'naam' sipewi. Nikamwuliza, wewe umeoa mke mwingine huko kwenye mawe? Akaniambia, sema tena."

"Sema tena?"

"Kila mara, sema tena, sema tena! Kama anayenichezea."

Niliweka pamba chini. Nikachukua kopo la skrubu, nikalitikisa nyuma ya kichwa cha Ngumbao. Kahaso akaziba masikio. Nikalitikisa tena, karibu zaidi. Ngumbao alikuna goti lake, akaendelea kutazama ukuta.

Kicheko cha Kahaso kikaisha. Akaweka kikapu chini polepole.

"Nami juzi nilimlaza na njaa," akasema.

Nikazunguka, nikaketi sakafuni, kati ya Ngumbao na ukuta. Akashtuka.

"Mbona wavunja kanuni? Hata hujasema kitu!"

"Nimesema."

Akanitazama mdomo, si macho. "Sema tena."

"Kayamba limezidi. Sana."

"Limezidi wapi? Ndiyo kwanza nalisikia kwa mbali..." Hakumaliza. Aliliona kopo mkononi mwangu. "Litikise."

Nikalitikisa.

"Lina kitu?"

"Limejaa skrubu."

Akavisugua viganja vyake vyenye sugu. "Besi nalisikia, hizi sauti nyembamba ndizo zinazonipotea. Nilidhani ni vumbi la mawe limeziba masikio. Nimekuwa nikitia mafuta ya nazi yaliyopashwa moto."

"Tutakwenda kwa daktari wa masikio, inshallah," nikamwambia.

"Na Jumamosi?"

"Ile kanda isiyo na kayamba unayo?"

Alikuwa nayo mfukoni. Sisi hurekodi kwa redio mbili: moja ikicheza, ya pili ikinasa pamoja na kinanda, sauti juu ya sauti, na kayamba huwa la mwisho. Lingeweza kupigwa upya.

"Likikaa mahali pake," akauliza, "mimi nitalisikia?"

Nilifikiri kwanza. "Hapana."

"Hata kidogo?"

"Sidhani."

"La mama."

"Ndilo."

Akamtazama Kahaso, kisha akakigeuza kigoda na kukisogeza kwenye kinanda changu. "Basi kaa mbele yangu. Likizidi, inua mkono."

Tukaanza. Mara ya kwanza alijitazama vidole badala ya kunitazama mimi, tukafuta. Tukarudia. Mkono wangu ukapanda, akapunguza. Ukapanda tena, akapunguza tena. Nilipoushusha niliona usoni mwake mahali lilipompotea. Vidole havikusimama, ila macho yalikuwa ya mtu anayefunga mlango wa nyumba aliyohama.

"Hapo," Kahaso akasema kwa sauti ndogo. "Hapo ndipo alipokuwa akilipiga mama."

Ngumbao hakusikia. Nilitikisa kichwa kukubali, naye akaelewa, akaendelea.

Tulikuwa tumefika nusu ya wimbo adhana ya magharibi ilipopaa kutoka msikiti wa jirani. Maikrofoni ingeinasa. Nikazima redio zote mbili, nikakifunika kinanda kwa kanga, na pale kanda iliposimama nikaiacha bila kuirudisha nyuma.

"Nusu iliyobaki kesho," nikamwambia, mbele ya uso wake.

Kahaso hakumwita. Alimshika bega kwanza, akangoja ageuke.

"Baba Nyamvula, twende nyumbani."

"Naam," Ngumbao akasema.