Majina Matatu ya Khlafo

Mimi ni mwalimu wa historia, na domo ninalo. Hapa Netanya, Israeli, hakuna mzazi asiyelijua. Siku ya kuwakumbuka Wayahudi waliouawa katika Maangamizi ya Wanazi naiandaa mwenyewe, na atakayeigusa ratiba yangu tutagombana.

Mwaka ule Khlafo alinifuata asubuhi. Ni mfagizi wa shule yetu, Myahudi mzaliwa wa Benghazi, Libya. Alinipa kikaratasi chenye majina matatu: mama yake na dada zake wawili.

"Mwalimu Dvora, leo mkisoma majina ya waliokufa, nisomee na haya. Mara moja tu, watoto wayasikie. Mwezi ujao nastaafu."

"Walifia wapi?"

"Giado, kambini, kule Libya. Waitaliano walitufungia humo wakati wa vita, nikiwa na miaka tisa."

Nikacheka, Mungu anisamehe. Nikamjibu mbele ya wanafunzi: "Mzee wangu, haya ni mambo ya Ulaya. Hebu niongezee viti." Watoto nao wakacheka, kwa kuwa mwalimu kacheka. Akaenda kuleta viti.

Saa nne kamili king'ora cha kumbukumbu kikalia, mji mzima ukasimama wima kuwaheshimu wafu. Majina yakasomwa. Kisha Bwana Zelig, mzee wa Lodz kule Ulaya anayekuja kwetu kila mwaka, akasimulia kambi aliyonusurika: baridi, njaa, homa ya chawa. Wasichana walilia. Nikajiona nimefundisha.

Watoto walipokwisha kwenda zao, Zelig alikiona kikaratasi mezani, chini ya glasi yangu ya chai.

"Hawa mbona hukuwasoma?"

"Wa Libya hao. Eti nako kulikuwa na kambi."

"Eti?" Akanitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyejikojolea. "Niliwahi kulazwa wodi moja na mtu wa Giado. Walikufa kwa mamia, homa ile ile. Unadhani chawa humuuliza mtu katoka wapi? Wewe unafundisha nini hapa, binti?"

Miaka ishirini nafundisha, na sikujua. Vitabu vyangu havikusema, nami sikuuliza, ilhali mwenye habari alikuwa akinifutia ubao kila siku. Aibu ilinichoma uso. Nilitamani Zelig anitukane zaidi.

Nikachukua kikaratasi, nikatoka nje kwenda uani. Khlafo alikuwa anakunja viti. Nikashika kipaza sauti, nikasoma: Masauda Buaron. Ghazala Buaron. Rahel Buaron. Mbele yangu vilikuwa viti vitupu.

Khlafo aliweka chini kiti alichoshika, akasimama wima.

"Kaa, mzee wangu, nakuomba," nikamwambia. "Nimekukosea. Kesho nitawakusanya watoto, niyasome tena."

"Miaka kumi na tisa nimesimama kuwaheshimu wa kwenu wa Ulaya, Mwalimu," akasema. "Hawa ni wangu. Niache nisimame."

Nikasimama naye. Macho ya kumtazama sikuwa nayo.