Siku Mzee Kresten Alipoigiza Vizuri

Jamani, ukitaka kujua adabu ya watu wa Jutland Magharibi, huku kwetu Denmark, wafungie ndani ya ndege mbovu uwakoseshe hewa. Watakufa wamenyoosha migongo, mikono mapajani, kila mmoja akiona haya kumsumbua mwenzake. Nasema kwa hasira kwa sababu ni watu wangu, na kwa sababu siku ile ya Februari ilibaki kidogo tu tuwazike.

Ndege yenyewe ilikuwa mzoga. Injini zilishang'olewa, magurudumu yamezama kwenye nyasi pembeni mwa uwanja uliofungwa zamani, na Ijumaa saa sita mchana fundi wa vyuma angekuja na msumeno wake kuikata vipande. Mpaka hapo ilikuwa ya Ebbe, mtengenezaji wa filamu asiye na kampuni wala studio, mwenye kamera mbili na karavani moja inayovuja. Filamu yake ilihusu abiria wanaovuta hewa yenye sumu huko angani na hawaambiwi. Kisa hicho hakukitafuta mbali. Kilikuwa cha dada yake, Solvej.

Solvej alikuwa mhudumu wa ndege kwa miaka kumi na tisa. Miaka sita iliyopita, safarini kwenda Alicante, Hispania, harufu ya soksi zilizolowa ilitoka kwenye matundu ya hewa. Wahudumu wanaijua harufu hiyo, ingawa hawapendi kuitaja: ni mafuta ya injini yamevuja na kuingia kwenye hewa wanayovuta abiria. Mama mmoja alimuuliza, "Dada, kuna nini?" Solvej akatabasamu kama alivyofundishwa, akajibu, "Ni dawa ya kuyeyushia barafu tu, msijali," yaani ile inayopuliziwa mabawa wakati wa baridi. Tangu siku hiyo mikono yake inatetemeka, na maneno humponyoka akiwa katikati ya kuongea. Vipimo havikuonyesha kitu. Daktari wa kampuni ya ndege akamwambia yote yako kichwani mwake, na kwamba hali ikimjia ahesabu mpaka kumi na ajiambie hewa ni safi.

Ndiyo maana aliitaka filamu hii kuliko hata Ebbe. Mwigizaji waliyemtegemea alipougua, Solvej alitoa kabatini sare yake ya zamani, ikambana kiunoni, akasema ataigiza mwenyewe. Alikuwa anataka kitu kimoja tu duniani, kuaminiwa.

Abiria walikuwa wanakwaya kumi na wanne wa kanisa la kijijini, ujira wao kahawa na keki ya mdalasini. Kiongozi wao, Inger, aliwapanga kwenye viti kwa sauti zao, soprano mbele na besi nyuma, maana hakujua kupanga watu kwa namna nyingine. Safu ya kumi na moja, kando ya mlango wa dharura unaotokea ubawani, alikaa mzee Kresten, mchinjaji mstaafu, na hapo ndipo penye kazi. Mzee Kresten hakuweza kuigiza hata kidogo. Kila alipotakiwa kuzirai alipunga mkono kwanza, akachungulia kamera iko wapi, kisha akajilaza taratibu kama mtu anayeogopa kuumia kiuno.

"Mzee wangu," Ebbe alimwambia asubuhi ile, "hapo unakufa. Humwiti mhudumu akuletee bia."

"Ikija bia nafufuka," akajibu Kresten. "Filamu yako itaishia hapo, utatuokolea muda."

Ebbe alitaka nyuso za kweli, kwa hiyo aliwaagiza wote waje na soksi walizovaa wiki nzima. Akazilowesha, akazitia kwenye mfuko wa wavu na kuutundika mbele ya mpira mnene ulioleta hewa ya moto kutoka kwenye hita ya nje. Watu walicheka mpaka machozi.

"Za mume wangu peke yake zinaangusha ndege," alisema Inger.

Solvej alicheka pia, halafu akaenda kutapika nyuma ya gurudumu, ambako hakuna aliyemwona.

Sasa sikiliza mambo yalivyoharibika, maana hayakuharibiwa na mtu mbaya. Mvua ya mawe ilikuwa inapiga na upepo wa magharibi ukivuma, na jenereta ilinguruma mpaka ikasikika kwenye maikrofoni. Ebbe akaivuta hadi nyuma ya mkia, palipo kimya. Hakutazama kwamba ameiweka pua kwa pua na hita, hivyo kila moshi ilioutema, hita iliunywa na kuupeleka ndani kupitia mpira, ukiwa na joto zuri. Matundu yote ya ndege yalishazibwa kwa selotepu ili upepo usipige mluzi. Makomeo ya milango yaliuzwa kitambo kama vipuri, kwa hiyo mlango wa mbele ulizuiwa kwa nondo kutoka nje. Na kama moshi ulinuka, nani angeujua katikati ya soksi za mume wa Inger?

Kamera zote mbili zilifungwa ndani bila mtu wa kuzishika, na Ebbe alikaa kwenye karavani mbele ya skrini zake, akizungumza na Solvej kupitia kidude kilichokuwa sikioni mwa dada yake. Kipande cha mwisho kilikuwa kirefu, dakika kumi na tano bila kukatizwa, na nafasi ya kukirudia haikuwepo. Kwetu mwongozaji akitaka kamera ianze husema "karibuni," na akitaka isimame husema "asante." Hakuna mwingine yeyote mwenye ruhusa ya kusema neno hilo. Kabla ya asante, hata paa likianguka, wewe igiza tu.

"Wapendwa," sauti ya Ebbe ilitoka kwenye spika, "karibuni."

Solvej alianza kusukuma kigari cha vinywaji. Kufika safu ya nne kichwa kikaanza kumbana kama kitambaa kilichofungwa kwa nguvu. Akajiambia ni zile soksi. Kufika ya saba miguu ikawa mizito na mapigo ya moyo akayasikia masikioni. Akahesabu: moja, mbili, tatu. Hewa ni safi. Yote yako kichwani. Nne, tano. Miaka sita walimfundisha kutouamini mwili wake mwenyewe, naye alikuwa mwanafunzi mzuri, maskini.

"Safi sana, dada," Ebbe alinong'ona sikioni. "Uso huo huo. Usiuachie."

Kwenye safu ya kumi na moja mzee Kresten alikuwa anazirai. Hakupunga mkono wala hakuitafuta kamera. Kikombe kilimtoka, kahawa ikamwagikia suruali yake ya kanisani, naye hakuitazama. Mdomo ulikuwa wazi, mate yakimtiririka kidevuni. Solvej alisimama na kigari chake, akashikwa na hofu ya kweli kweli. Mwanamume huyu hajui kuigiza.

"Mzee Kresten, kichwa kinakuuma?"

Maneno hayo hayakuwemo kwenye hadithi. Kresten alifumbua macho kwa shida. "Kidogo tu, mwanangu. Tangu mlipofunga mlango. Sikutaka kuwaharibia kazi."

"Hata mimi," alisema mama wa safu ya nyuma, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

"Na mimi naona mawili mawili," alisema mwingine. "Nilidhani ni uzee."

Walikuwa wanaumwa ndege nzima, jamani, na kila mmoja alidhani yuko peke yake!

Solvej aliitazama kamera. "Ebbe, simamisha. Hewa ni mbaya. Watu wanaumwa."

"Mungu wangu, nzuri hiyo!" Ebbe alisema sikioni mwake. "Imetoka wapi? Endelea, endelea!"

"Siigizi, Ebbe! Fungua mlango!"

"Ndiyo, hivyo hivyo. Nalia huku."

Alikimbia mbele akausukuma mlango kwa bega. Nondo haikutikisika. Akapiga ngumi, na kwenye skrini za Ebbe ngumi zile zilipendeza sana. Hapo Solvej alijiona amerudi pale pale, mlango umefungwa, ukweli mdomoni, na mbele yake mtu anayempenda kuliko wote naye hamwamini. Alitamani kukaa chini alie. Mama mmoja wa soprano alimshika mkono, akauliza kwa unyonge, "Solvej, kuna nini?"

Na mdomo wake, nakwambia, ulishaanza kutabasamu. Maneno ya zamani yalikuwa yamejipanga ulimini: ni dawa ya kuyeyushia barafu tu. Hata kwenye hadithi ya Ebbe ndiyo aliyotakiwa kuyasema hapo.

"Ni sumu," alisema Solvej. "Tunavuta sumu. Fungueni mikanda, wote, twende kwenye ubawa!"

Hakuna aliyenyanyuka. Waliinua nyuso kuitazama spika.

"Ebbe hajasema asante," alisema Inger, ulimi mzito.

Watu gani hawa! Solvej alivuta pumzi ile mbovu, akapiga ukelele uliotoka tumboni. "Asante! Asanteni nyote! Imekwisha!"

Mikanda ikafunguka mara moja, kumi na minne kwa pamoja, na wawili watatu wakaitikia "asante" kwa adabu zao.

"Dada!" Ebbe alifoka sikioni. "Nani amekupa ruhusa? Umeniharibia kila kitu!"

Solvej aliking'oa kidude kile akakitupa. Mlango wa ubawani ulikuwa mzito kama gunia la viazi, na mikono yake ilitetemeka vibaya. Inger alishika upande mmoja, mzee wa besi akashika mwingine, wakavuta mpaka ukaangukia kwenye viti, na mvua ya mawe ikaingia na upepo wake mtamu. Solvej aliwatoa mmoja mmoja, akiwahesabu kwa kuwagusa mabega, kama alivyofundishwa miaka ile. Waliotangulia walijikwaa ubawani wakaangukia nyasi. Wa mwisho alikuwa Kresten, ambaye ilibidi aburutwe kwa makwapa.

Ebbe alipowaona kwenye skrini wakitoka, alitoka mbio bila viatu. Alimkuta dada yake amepiga magoti kwenye matope, kichwa cha mzee mapajani.

"Nilidhani unaigiza," alisema, na kulia.

"Najua," alisema Solvej. "Zima jenereta, mdogo wangu. Ita gari la wagonjwa."

Hospitalini waliwavalisha oksijeni wote kumi na watano na kuwapima damu. Haikupita saa moja, daktari kijana alikuja na karatasi, akakaa ukingoni mwa kitanda. Moshi wa jenereta, alisema. Kipimo ni hiki hapa. Dakika kumi zaidi na wengine wasingeamka, hasa yule mzee. Kwenye kitanda cha pili, mzee Kresten aliinua mkono wake na kuupunga, ule ule upungaji wake mbovu, na Solvej akacheka huku machozi yakimtoka.

Ebbe alisimama mlangoni, viatu vya kuazima miguuni. "Nitaifuta yote," alisema. "Sitaki hata kuiona."

"Thubutu! Utaiweka nzima. Na sauti yako ikinisifia, uiweke pia," alisema Solvej.

Kisha akamwomba daktari nakala ya ile karatasi.

"Ya nini? Iko kwenye faili lako."

Solvej aliishika kwa mikono miwili, ikawa inatetemeka pamoja naye. Jina lake lilikuwa juu, na chini yake neno sumu limeandikwa wazi, na namba, na sahihi ya daktari. Alilisoma mara tatu.

"Miaka sita nimeisubiri karatasi kama hii," alisema. "Imekuja, na imekuja ya jenereta, si ya ndege."