Kengele ya Kitanda cha Dirishani

Basi lilipofika stendi, wa mwisho kushuka alikuwa Mama Pasi, na kilichomchelewesha ni mizigo. Alishuka na ndoo. Ndani ya ndoo mna beseni, ndani ya beseni mna shuka mbili, na katikati ya shuka kafunga sabuni, pamba na glavu za hospitali alizonunua kwenye duka la dawa kabla ya kuvuka mpaka.

Mwanawe alikuwa anamngoja. Huko alikohamia walimwita Sponji, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kutengeneza viti vya mabasi: kukata sponji, kuivalisha ngozi, kushona. Alikuwa kakaa ng'ambo hiyo miaka mingi, hata kicheko chake kilikuwa kimeanza kuwa cha wenyeji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Alimwita baba kwa kuwa alimpa jina la baba yake mzazi.

"Sasa mama, umekuja kutibiwa au umekuja kufungua hospitali?"

"Cheka tu. Siku utakayolala kitandani huna glavu ndiyo utajua kicheko nacho kina meno."

"Huku glavu wanazo wenyewe."

"Wanazo, ee. Na bei yake wanayo."

Hakuwa mjinga yule mama. Alikuwa mtu aliyewahi kuumwa na nyoka, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kwao hospitali ilikuwepo, na madaktari hodari walikuwepo, ila dirisha lilitangulia kitanda. Unalipa dirishani kwanza, unapewa risiti, na risiti ndiyo inayomwamsha daktari. Aliyenacho anapasuliwa siku hiyohiyo. Asiyenacho anaambiwa akajipange, nenda ukajipange, mama, kana kwamba figo nayo inajipanga.

Mumewe alilazwa pale. Kila alipougulia, Mama Pasi alitoka mbio ukumbini akiita, "Nesi! Nesi!" Nesi akaja kila mara, mtu mwema, hakuwahi kununa. Na kila alipokuja alivaa glavu mpya, akafungua sindano mpya, akaandika. Mzee alipofariki, yale maandishi yakajumlishwa, na maiti ikakaa mochwari mpaka kiwanja kilipouzwa. Toka hapo Mama Pasi akarudi kupiga pasi nguo za watu, na mtu akimuuliza kiwanja kimekwenda wapi humjibu, "Ile 'nesi, nesi' yangu ndiyo iliyokila."

Sasa zamu ilikuwa yake. Uvimbe ulikuwa umemkaa tumboni, na Sponji alimwita kwa sababu kadi yake ya matibabu ya kazini ilimruhusu mfanyakazi asiye na mke kumwandikisha mzazi mmoja. Kule hakukuwa na dirisha la kulipia. Kulikuwa na foleni. Waliandikishwa, wakaambiwa wangoje, wakangoja mpaka Mama Pasi akawa kashapiga pasi nguo zote za Sponji, za jirani na za bosi wa karakana.

"Kwetu fedha, kwenu foleni," alisema, akipuliza makaa. "Na ugonjwa wenyewe haujui kukopesha wala haujui kupanga mstari."

"Vumilia, mama. Siku ikifika hutatoa hata shilingi."

"Najikaza kisabuni, baba. Nafanyaje?"

Siku ikafika. Walimpa kitanda cha dirishani, chumba cha wagonjwa wawili, na shuka nyeupe zilizopigwa pasi. Alizikagua, akapitisha kidole kwenye mkunjo, akasema aliyepiga hizi ana haraka ya kwenda nyumbani. Ndoo yake ikasukumwa mvunguni. Kisha muuguzi akamwonyesha waya uliotoka ukutani, mwisho wake una kitufe chekundu.

"Hii kengele yako, bibi. Ukitaka maji, ukisikia maumivu, ukitaka kugeuzwa, bonyeza. Usituonee haya."

Muuguzi alipotoka, Mama Pasi alikishika kile kitufe kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeshika yai la mwenziwe.

"Baba, niambie kweli. Hii nani anailipia?"

"Sisi sote. Kila mwezi tunakatwa mshahara."

"Unakatwa wewe?"

"Mimi, na bosi wangu, na huyo bibi hapo enzi zake za kazi."

Bibi wa kitanda cha pili, mwalimu mstaafu aliyekuwa kavunjika nyonga, aliinua mkono. "Nimekatwa mpaka nikastaafu, shoga. Sasa nakula changu."

"Kwa hiyo nikibonyeza wanakukata," Mama Pasi akamwambia mwanawe.

Hapo ndipo Sponji angeketi. Angevuta kiti aeleze neno kwa neno. Lakini karakana alikuwa kaacha kiti cha dereva kimechunwa nusu, na gari linatakiwa jioni. Isitoshe, nyumba yao ilikuwa nyumba ya mizaha, mtu haulizwi njaa bila kutaniwa kwanza. Akacheka.

"Watanikata mpaka mfupa, mama! Ukibonyeza mara mbili nakwenda kazini peku!"

Mwalimu akacheka. Mama Pasi naye akacheka, mkono tumboni. Ila jicho lake lilishuka kwenye viatu vya mwanawe, vilivyokuwa vimechanika ubavuni, likakaa huko. Sponji aliliona. Akadhani anaangalia vumbi.

Operesheni ilikwenda salama. Daktari, kijana mwenye sauti ya chini, alisema uvimbe umetoka wote, na kwamba bado siku chache za kumwangalia. Alimwinamia mgonjwa. "Bibi, ukisikia maumivu mapya, usingoje sisi tupite. Bonyeza."

"Ahsante, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Sponji alianza kuhesabu mambo ya mbele. Atamnunulia pasi ya umeme. Atamzuia asirudi mpaka apate nguvu. Karakana aliimba, na wenzake wakamwambia sauti yake aifungie ndani ya kiti.

Alipokwenda saa ya kutazama wagonjwa, aliingia na vipande vya sponji nywelini, kama kawaida. Kila siku mama yake humwambia, "Umeota mvi kabla yangu?" Leo hakusema. Uso ulikuwa umelowa jasho, midomo imepauka rangi ya jivu, na vidole vimekamata shuka mpaka ule mkunjo wa pasi umepotea.

"Mama?"

"Sijambo."

"Mama, huna jambo wapi?"

Aliutafuta waya wa kengele. Kwenye mto wa kulalia haupo. Pembeni haupo. Aliukuta upande wa miguuni, umefungwa fundo kwenye chuma cha kitanda, mbali, na kitufe kimezungushiwa leso, mara mbili, kama mtu anavyofunga sarafu. Alikuwa kaufunga asije akakigusa usingizini.

Sponji alikibonyeza hapohapo juu ya leso. Alikibonyeza na hakukiachia.

"Nilimwambia," mwalimu akasema kutoka kitanda cha pili. "Tangu asubuhi namwambia, shoga, bonyeza. Akaniambia kijana wangu hana viatu. Nikasema basi nibonyeze cha kwangu, akaniapisha. Nesi alipopita akamjibu kalala salama. Mimi nilijua ni gesi tu ya operesheni, hata mimi ilinisumbua. Nisamehe, baba."

Wauguzi waliingia kabla hajamaliza. Mmoja alishika mkono wa Mama Pasi, akamtazama mwenzake, wakafungua breki za kitanda. Sponji alikwenda sambamba nao ukumbini, kashika chuma.

"Nani kabonyeza?" mama yake akauliza. "Wewe au mimi?"

"Mimi, mama."

"Basi watakukata kidogo."

"Hawanikati, mama! Hawanikati hata senti. Ule ulikuwa utani. Mama, utani."

Milango ikafunguka, kitanda kikapita, ikajifunga. Hakujua neno lile limemfikia au limebaki nje pamoja naye.

Daktari mwenye sauti ya chini ndiye aliyetoka. Damu ilikuwa inavuja kwa ndani, alisema, tangu asubuhi pengine. "Tungejua mapema..." Akamwekea mkono begani, na mkono ule Sponji aliubeba mpaka chini kwa karani.

Aliuliza wapi pa kulipia.

"Unalipia nini?" karani akauliza.

"Mama yangu."

Karani akatazama kwenye kompyuta yake. "Pole sana. Hadaiwi kitu. Ukishamaliza mipango ya usafiri unaweza kumchukua."

"Angalia tena."

"Nimeangalia, baba."

"Alifanyiwa operesheni. Alilala. Alipewa damu sasa hivi. Angalia tena, dada."

Akatoa fedha alizokuwa kaziweka kwa ajili ya ile pasi ya umeme, akaziweka mezani. Karani alizitazama, akazisukuma zirudi kwa ncha za vidole, taratibu, akageuza uso dirishani. Kisha akaja mhudumu akamkabidhi ndoo. Ndani beseni, ndani ya beseni shuka mbili, sabuni haijaguswa, pamba haijafunguliwa, glavu zote zipo.

Walimvusha mpaka, wakamzika ubavuni mwa mumewe. Baada ya mazishi, watu waliketi sebuleni, na kama ilivyo kwa watu waliochoka kulia, maneno yakaanza kutafuta pa kwenda.

"Mlilipa ngapi huko?" mjomba akauliza.

"Hatukulipa, mjomba."

"Hata maiti hawakuizuia?"

"Hawakuizuia."

Mjomba akajipiga gotini. "Mnasikia? Huko ndiko kwenye watu! Hapa kwetu marehemu shemeji alikaa mochwari kama rehani."

"Ndiyo, ila huko kakalishwa foleni," jirani mmoja akadakia. "Hapa ukiwa nacho, leo unapasuliwa, kesho unakunywa uji."

"Na usiponacho je?"

"Usiponacho uliza mwenye nacho!"

Wawili watatu wakacheka, wakajikumbuka. Mjomba hakutosheka. "Hebu mwanangu, tueleze. Hiyo bure yao nani anailipia?"

Wote wakamgeukia. Sponji alikohoa. Akaanza kueleza, na safari hii alieleza polepole, bila mzaha, hakuruka kitu. Kwamba kila afanyaye kazi hukatwa kila mwezi, augue asiugue. Kwamba kiasi ni kilekile. Kwamba mgonjwa akiita mara moja, akiita mara mia, akiita mpaka wauguzi waote sugu miguuni, mshahara wa mtoto wake haupungui hata kidogo, kwa sababu kilichokatwa kilishakatwa zamani, na kinamngoja yeye aite. Mjomba aliitikia kwa kichwa, kaelewa. Watoto nao walielewa.

Dada yake mkubwa, aliyekuwa kaketi karibu na mlango na pasi ya makaa ya mama yao mapajani, aliinua macho.

"Na mama ulimweleza hivyohivyo?"

Sponji aliinuka. Akaichukua ile ndoo, akasema anakwenda kuteka maji. Hakuna aliyemwambia kwamba pipa limejaa.